London ni Kwenda na Kurudi

Nimeozesha mabinti watatu, na kila mmoja nilimuuliza swali moja tu kabla wazee hawajaketi kuongea mambo ya ng'ombe: huko unakoenda, naweza kutoka kwangu asubuhi, nikuone, na nirudi kabla jua halijazama? Sikuuliza kama kijana ana gari. Sikuuliza shamba lao ni ekari ngapi. Hayo yaliulizwa na baba yao. Mimi niliuliza njia.

Sababu ni hii, na niiseme mapema ili mtu asome akielewa. Sisi Wabukusu, mama hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake. Simshiki mkono mume wa binti yangu. Sikai naye chumba kimoja tukiangaliana macho. Sili mezani kwake, na choo anachoingia yeye mimi siingii hata niwe na shida ya namna gani. Tukikutana njiani yeye anapita kando hii, mimi napita kando ile. Si chuki. Ni heshima, na hiyo heshima ndiyo inafanya ndoa ya mtoto wako ikae. Wako wanaosema siku hizi tumeokoka, hayo ni ya zamani. Mimi pia nimeokoka, tena kabla yao, na sijaona mahali Biblia imeniamuru nikaoge bafu moja na mkwe.

Binti wa kwanza aliolewa Moi's Bridge. Huko nikishakamua ng'ombe nakwenda, tunaongea mpaka tunachoka, na jioni niko kwangu Kiminini nawasha moto. Wa pili aliolewa hapo Kitale, hiyo hata si safari, ni kama kwenda sokoni. Wa tatu, yule mwembamba aliyesomea uuguzi, alichukuliwa na kijana wa Bungoma. Nikapiga hesabu: Kiminini mpaka Webuye, Webuye mpaka Bungoma, na kurudi. Nikaona inawezekana. Nikasema sawa.

Hawakumaliza miaka miwili, kijana akapata kazi London. Akaenda, kisha akamchukua mke wake. Hapo hakuna mtu aliyekuja kuniuliza mambo ya njia.

Sikulia. Walipata kazi nzuri wote wawili, na kila Jumapili walipiga simu. Lakini binti yangu alipata mimba ya kwanza, na ilipofika mwezi wa saba sauti yake ikabadilika. Presha ilikuwa juu. Miguu ilikuwa imevimba. Daktari alikuwa amemwambia huenda mtoto akatolewa kwa kupasuliwa, na baada ya hapo asiinue kitu kizito, hata ndoo. Yeye ni muuguzi, anajua maana ya hayo maneno, ndiyo maana aliogopa kuliko mtu asiyejua.

Sasa, mtoto akizaliwa, mwenye kazi ya kumwosha na kumkanda mama yake ni mama wa mume. Mtoto ni wa ukoo wao, kwa hivyo kazi ni yao. Mimi nilikuwa nangoja kusikia kwamba mama wa Bungoma amepanda ndege. Badala yake nikamwona amesimama kwa geti langu siku ya Jumanne, bila kutuma habari, fimbo mkono mmoja, kuku mkono mwingine.

Nilimkaribisha akakaa. Akanywa chai kikombe kizima kabla ya kusema neno.

"Mkwe," akaniambia, "nimekuja kukupa kazi yangu."

"Kazi gani?"

"Ya kumwosha mtoto. Ni yangu, hata wewe unajua ni yangu. Lakini angalia hii." Akainua leso kidogo nikaona magoti yake, yamefura kama maboga. "Haya magoti hayatoki nyumbani mpaka barabarani bila kulia. Yatafika London?"

"Si umtume mwingine wa kwenu?"

"Nani? Huyu binti yangu mkubwa anajua kukemea tu, mikono yake haijui kazi. Wa pili ananyonyesha. Mimi nataka mtu wa kumlisha huyu msichana uji mpaka auchukie, na akisema ameshiba aongezewe. Nikafikiria, nani ana roho ngumu hivyo? Nikaona sura yako."

"Umetoka Bungoma kuja kunitukania hapa kwangu?"

"Nimekuja kukusifu. Kwani Kiminini mnasifiana namna gani?"

Tukacheka, sote wawili, kwa sababu tunafanana tabia na tunajua. Kisha nikamuuliza lile neno ambalo lilikuwa limekaa kati yetu tangu aingie.

"Na nitalala wapi?"

Akaangalia kuku. Kuku naye akamwangalia.

"Hapo," akasema, "hapo sijui, mkwe."

Alirudi kwao siku hiyo hiyo. Aliniachia kuku na mzigo wa unga wa wimbi, ameusaga mwenyewe na kuuchekecha mara mbili, wa kupeleka.

Nilikaa na hilo neno nikipalilia mahindi. Mtu asifikiri nilikuwa nashindana na binti yangu. Nilikuwa natafuta njia ya kumsaidia bila kumwaibisha mume wake na bila kujiaibisha mimi. Mama akilala kwa mkwe, watu hawamsemi mama peke yake. Wanasema yule kijana hakulelewa, na binti naye hana mtu wa kumheshimu. Mtoto mwenyewe anazaliwa katika maneno.

Kisha siku moja nikiwa katikati ya mstari, jembe mkononi, nikaona njia.

Zamani, kaka yangu alipolazwa Nairobi, nilikuwa naenda kumwona na basi la usiku. Napanda Kitale jioni, napita Moi's Bridge giza likiingia, nafika Nairobi asubuhi. Nakaa naye mchana wote, namlisha, namfulia, na jioni napanda basi kurudi. Nyumba ya mtu sikulala hata mara moja. Nililala barabarani. Nikatoka shambani na matope yangu nikaenda kwa duka la kijana wangu, kitinda mimba, hapo steji ya Kiminini.

"London ni masaa mangapi?"

"Kwa ndege, Mama? Kutoka Nairobi, kama nane. Nane na nusu."

"Na basi la Kitale mpaka Nairobi?"

Akafikiria. "Kama hayo hayo. Likiharibika Nakuru, zaidi."

"Basi London ni Nairobi nyingine," nikasema. "Naenda usiku, nafika asubuhi, namwosha mtoto, napika, nafua, jioni narudi."

Aliniangalia kama mtu anayeona ng'ombe amepanda mti. "Mama, London hakuna mtu anaenda na kurudi."

"Kwani ndege hairudi?"

"Inarudi."

"Basi."

Nikaenda Kitale kwa ofisi ya tiketi. Nilivaa sare yangu ya akina mama wa kanisa ili wajue wanaongea na mtu. Nikamkuta msichana mmoja mnene, mzuri, wa hizi familia zilizotoka upande wa Mlima Kenya zikanunua mashamba huku.

"Karibu, shosho," akasema.

"Mimi si shosho. Kwetu nyanya anaitwa kukhu."

"Karibu, kukhu. Tunasafiri wapi?"

"Wewe huendi. Mimi naenda London. Natoka Nairobi usiku, nafika asubuhi, na jioni narudi."

"Jioni ya siku gani?"

"Hiyo hiyo."

Akaweka kalamu chini. "Unaenda kufanya nini London siku moja?"

"Kuosha mtoto."

Huyo msichana alicheka mpaka akashika meza. Sikucheka. Nilimngoja amalize kama vile mtu anangoja mvua ipite. Alipopangusa macho akainuka, akanionyesha ramani ukutani, akatembeza kidole: hapa ni Nairobi, hapa Sudan, hapa jangwa tupu, hapa bahari, hapa nchi za Wazungu, na London kule juu kabisa. Kidole chake kilipita mahali pengi.

"Kukhu, hizi ni kilomita karibu elfu saba."

"Elfu saba nimesikia. Masaa?"

"Nane na nusu."

"Mimi sisafiri kwa kilomita. Nasafiri kwa masaa. Kutoka hapa mpaka Bungoma hakufiki kilomita mia, lakini mvua ikinyesha na lori likilala barabarani, unaweza kushinda njiani. Iko ndege ya jioni ama haiko?"

Akafungua kompyuta yake, akaangalia. "Kusema ukweli iko," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Inawezekana. Lakini wale wa viza wakiona umeenda na kurudi siku moja, watafikiri umebeba kitu kibaya." Kisha akaniangalia vizuri. "Na kesho yake, kukhu? Mtoto ataoshwa na nani?"

Nilisema asante nikatoka, nikasimama nje kwa ukuta nikijifanya nafunga kitambaa.

Maneno yakaanza. Jumapili baada ya ibada, akina mama walinizunguka pale tunapooshea vikombe vya chai.

"Ati unaenda kulala kwa mkwe?"

"Bana, huko nyumba ni ndogo. Mtakutana kwa mlango wa bafu, wewe na taulo, yeye na mswaki!"

"Atakuamkia vipi? 'Shikamoo mama, pisha nipige mswaki'?"

Walicheka. Nami nilijua kila mmoja wao angekuwa mahali pangu asingelala usingizi. Nikawaambia maji yamepoa, waoshe vikombe.

Jioni hiyo binti yangu akapiga simu. Sikumsalimia sana.

"Nyumba yenu ina milango mingapi?"

"Mmoja, Mama. Ni nyumba ya ghorofa."

"Na choo?"

Akaniuliza habari za ng'ombe.

"Nimeuliza choo."

"Kimoja. Kiko ndani, karibu na jikoni."

"Ndani. Karibu na jikoni," nikasema, nikasikia aibu hata mimi ambaye sijafika. Nikamweleza mpango wangu. Nilimweleza vizuri: ndege ya usiku, mchana wote nikiwa naye, ndege ya jioni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kulia, na huyo mtoto si wa kulia. Hata alipong'atwa na mbwa wa jirani akiwa mdogo alikunja uso tu.

"Mama, kama ni siku moja, usije. Ukija siku moja nikuone halafu uondoke, ni heri nisikuone. Watanipasua. Sitaweza kumwinua mtoto wangu. Naogopa."

Nikabana simu sikioni. Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamume, chini chini. Ni mkwe. Kwa miaka yote sikuwa nimesikia sauti yake ikinielekea.

"Anasema nini?"

"Anasema, mwambie mama aje akae. Mengine ni yake."

"Mengine gani?"

Nikasikia wakiulizana. "Hasemi, Mama. Anasema tu mengine ni yake, mama asiulize."

Mtu asiyenijua angefikiri nilikasirika. Kwetu kijana akisema hivyo kwa mama mkwe wake, hawezi kurudi nyuma tena. Amefunga neno. Nikamwambia binti yangu apanguse pua, anakuja mama yake, wiki sita. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba mengine yake yakinishinda, nitatandika leso kwa ngazi za hiyo ghorofa nilale hapo kama mlinzi, na London nzima ipite ikiniangalia.

Wale wa viza waliniuliza nitarudi Kenya kweli? Nikawaambia nina ng'ombe watatu wa maziwa na mahindi shambani, wao wanafikiri nitayaachia nani? Wakapiga muhuri.

Nilisafiri mwezi wa sita, palizi imekwisha. Kitale mpaka Nairobi nilienda na basi la mchana, masaa yale yale ninayoyajua, kila kilima nakifahamu. Kisha ndege. Sitasema niliogopa, kwa sababu sikuogopa. Ilipoinuka nilishika kiti, basi. Mbele yangu kulikuwa na televisheni ndogo, na mama mmoja aliyekaa kando yangu, anayefanya kazi huko, akanifungulia ile yenye ramani. Kandege keupe kanatambaa, na chini namba za kilomita zilizobaki zinashuka kama mahindi yanayomwagika kutoka gunia lililotoboka. Nikaletewa mkate. Nilifungua karatasi, nikapaka siagi, nikakunja karatasi ile, na nilipoangalia tena kandege kalikuwa kamekwenda umbali wa Kitale mpaka Bungoma. Kupaka siagi tu! Nikakumbuka magoti ya mkwe mwenzangu, na jinsi alivyokuja na fimbo ile njia yote kunipa kazi yake.

Watu walilala. Mimi niliangalia jangwa likiisha kwenye ramani. Basi la Nairobi linakuruhusu kujua umefika wapi kwa harufu: moshi wa makaa, baridi ya Timboroa, mahindi ya kuchoma. Huko juu hakuna harufu. Masaa ni yale yale lakini hayana kitu ndani yake. Ndiyo tofauti niliyoiona.

Karibu na kufika, rubani akasema huko saa ziko nyuma ya zetu kwa masaa mawili. Watu wakageuza saa zao. Yangu sikugeuza. Ilibaki Kiminini wiki zote sita, na nikiiangalia nilijua: sasa wanakamua, sasa kijana amefungua duka, sasa kuku wanaingia.

Nilifikiri binti yangu atanipokea. Hakuwapo. Alikuwa amelazwa siku iliyotangulia, presha imepanda. Aliyekuja ni mkwe, peke yake.

Nilimwona kabla hajaniona, kwa sababu alikuwa anafanya kitu ambacho Mzungu yeyote angedhani ni wazimu. Alikuwa amejificha nusu nyuma ya nguzo, kichwa chini, amevua kofia. Kijana mrefu, suti nzuri, nyuma ya nguzo katika uwanja wa ndege wa London, kwa sababu mama mkwe wake anapita.

Sasa shida ikawa hii: sisi wawili tunaongea kupitia binti yangu, na binti yangu yuko hospitali. Tulisimama, nguzo katikati. Watu wanapita na mizigo yao. Mwishowe akasogea, akashika kile kigari cha mizigo, na akakiambia kigari:

"Kigari, mwambie mama karibu. Mwambie mke wangu yuko salama. Watampasua leo mchana."

Nami nikauambia mkoba wangu, "Mkoba, mwambie kijana tumeshukuru Mungu. Twende."

Hakunipandisha gari moja naye. Aliita teksi, akalipa, akampa dereva karatasi ya mahali, yeye akaenda na treni. Nilipofika alikuwa ameshatangulia, amesimama upande mwingine wa barabara. Sanduku langu akalipandisha yeye kwanza, akashuka, ndipo mimi nikapanda. Ufunguo ulikuwa umewekwa chini mlangoni, juu ya leso iliyokunjwa.

Ndani ndipo nilipoelewa "mengine".

Hapakuwa na kitu chake. Si kiatu, si koti, si mswaki. Kabatini upande wake ulikuwa mtupu. Kitanda nilichowekewa kilikuwa kipya, bado kina karatasi za dukani. Kikombe kipya, sahani mpya, kijiko kipya, vimewekwa peke yake. Nikaenda kuangalia choo, maana hapo ndipo penye kesi. Alikuwa amebadilisha kiti cha choo. Kile cha zamani alikiondoa akaweka kingine, cheupe, na kamba ya plastiki bado imekifunga kuonyesha hakuna mtu aliyekikalia.

Nilisimama katika mlango wa choo cha London na nikajivuna. Nasema wazi. Nilijivunia huyo kijana ambaye simshiki mkono kuliko nilivyowahi kujivunia wanangu wa tumboni. Angeweza kusema hapa ni Ulaya, mama ajizoeze. Hakuna mtu wa kwao aliyekuwa anamwona.

Yeye alikwenda kukaa kwa rafiki yake mwisho wa mji, akalala kwenye kochi wiki zote hizo. Asubuhi kazini, jioni anakuja kumwona mke wake na mtoto. Akifika alikuwa anakohoa ngazini, mara mbili, kikohozi cha kutengeneza, nami naingia jikoni nafunga mlango. Naosha vyombo ambavyo ni safi. Akitoka anakohoa tena.

Mtoto alizaliwa siku ile ile niliyofika, msichana, mdogo lakini sauti yake ilitosha ukumbi. Binti yangu alikuwa ameishiwa damu, mweupe midomoni. Nilimwosha mtoto, nikamkanda mama, nikakoroga uji wa unga wa Bungoma asubuhi, mchana na jioni.

"Mama, nimeshiba."

"Sikukuuliza."

"Mama, kweli."

"Huu uji si wangu. Ni wa mama mkwe wako. Unataka nimwambie ulikataa?"

Alikunywa. Wiki ya tatu akaanza kuwa na mashavu.

Kulikuwa na mkunga Mzungu aliyekuwa anakuja kuwaangalia. Akaona kila siku baba hayupo, nguo za baba hazipo, mwanamke mzee ndiye anafungua mlango na uso wake si wa kucheka. Siku moja akamwita binti yangu kando akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna shida nyumbani, kama mume alimpiga, kama amefukuzwa. Binti yangu akamweleza yote, mpaka kiti cha choo. Yule mkunga akanigeukia, akaniangalia sana, akasema kitu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema angependa mama mkwe wake pia awe na desturi kama hii."

Nikamwambia amwambie, ndege ni masaa nane na nusu tu, aje Kiminini tumfundishe.

Kitu kimoja cha huko kilinishangaza kupita ndege. Jua halizami. Saa tatu usiku ya kwao bado ni kweupe, watoto wanacheza nje. Mimi niliyepanga kurudi kabla jua halijazama! Ningengoja mpaka lini? Nilikuwa nakaa dirishani na mjukuu kifuani, saa yangu inasema Kiminini ni usiku na wote wamelala, na hapa jua liko juu ya paa. Nikamwambia mtoto, wewe ulinishinda kabla hujazaliwa.

Alipewa jina la mama wa Bungoma. Ni haki yake, na ni mimi niliyelisema mara ya kwanza nikimwosha.

Nilirudi wiki sita zilipokwisha, binti yangu akiwa anainua mtoto mwenyewe na anapanda ngazi bila kushika ukuta. Mkwe alinisindikiza uwanjani kwa treni yake, mimi kwa teksi yangu. Kigari kilitumwa kuniambia asante. Mkoba ulijibu kwamba nyumba yake nimeiona na nitaisema.

Kanisani walinizunguka tena pale kwa vikombe. Walikuwa wamengoja.

"Haya, sema. Ulilala kwa mkwe?"

"Mkwe ndiye hakulala kwake," nikawaambia. "Nililala kwa binti yangu." Nikawasimulia kiti cha choo. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, mwenye wakwe wanne, aliweka kikombe chini.

Lakini kabla ya kanisa, kabla hata ya kufungua sanduku, nilikuwa nimekwenda Bungoma. Nilitaka yeye asikie wa kwanza. Nilimkuta amekaa kivulini na magoti yake, nikampa picha za mtoto mwenye jina lake. Aliziangalia moja moja, akizisogeza mbali na macho.

"Na kijana wangu?" akauliza, bila kuniangalia. Nilijua anachouliza. Ndilo neno lililokaa kati yetu siku ile ya kuku.

Nikamwambia yote. Nguzo, kigari, ufunguo juu ya leso, sahani mpya, choo, kochi la rafiki. Nikamaliza nikasema, "Mkwe, ulilea. Nimetoka Kiminini kuja kukuambia hivyo. Ulilea mtu."

Alizivuta picha akazipanga tena, zilikuwa zimeshapangika. Kisha akaita wajukuu wachinje kuku, akasema nitalala, kitanda kiko, kesho ndiyo nirudi.

Nikaangalia jua. Lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Uganda. Nikasimama nikakunja leso yangu.

"Wewe!" akasema. "London umelala wiki sita, hapa Bungoma ndiyo huwezi?"

"Hapa ni kwa mkwe wangu."

"Na London ilikuwa kwa nani?"

"London mwenye nyumba alitoka," nikamwambia. "Wewe utatoka?"

Akanipigia fimbo chini, akacheka mpaka akashika goti. Nikala kuku wangu nimesimama, nje ya mlango, nikafika Kiminini kabla hawajakamua ya jioni.